Nini Kinaitikisa? Hotuba kwa Mafundi na Wahandisi Vijana

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya wanafunzi wa uhandisi mitambo na mafundi wa karakana. Naiweka nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Michoro ya ukutani nimeiacha, lakini hesabu zote zimo.

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, mafundi wakongwe mliotutangulia katika kazi hii, na nyinyi vijana mliokimbilia viti vya nyuma: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, habari za mchana.

Jioni ya tarehe 8 Desemba 1995, katika mji wa Tsuruga nchini Japan, kilivunjika kipande cha chuma ambacho ungeweza kukishika kwa mkono mmoja. Kilikuwa ndani ya kinu cha nyuklia cha Monju. Kinu chenyewe kilikuwa kichanga, kimeanza kuingiza umeme kwenye gridi Agosti ya mwaka ule ule. Kilikuwa kinasafirisha joto lake kwa sodiamu iliyoyeyuka badala ya maji, na ndani ya bomba la sodiamu ilichomekwa ala nyembamba ya chuma yenye kipimajoto ndani yake. Ala haibebi mzigo. Haisukumi kitu, haizunguki. Kazi yake ni kusimama katikati ya mkondo na kupima joto, basi.

Ikavunjika. Sodiamu ikavuja, zaidi ya kilo 600, ikakutana na hewa, ikawaka. Hakuna aliyefariki, wala mionzi haikutoka, kwa sababu sodiamu ile ilikuwa ya mzunguko wa pili, usiopita kwenye kiini cha nyuklia. Lakini waendeshaji wakaficha sehemu ya video ya tukio, ikagundulika, na wananchi wakapoteza imani. Kinu hakikuwashwa tena hadi Mei 2010. Desemba 2016, baada ya matatizo mengine juu ya hayo, serikali ya Japan ikaamua kukifunga kabisa.

Sasa nawauliza, hasa nyinyi mliofaulu somo la nguvu za vifaa: je, mkondo ule ulikuwa na nguvu ya kuivunja ala ile? Hapana. Kinu hakikuwa hata kwenye nusu ya uwezo wake siku hiyo. Ungepiga hesabu ya msukumo wa sodiamu dhidi ya chuma, ungeandika "salama", ungepiga mstari chini, ungeenda kunywa chai.

Kilichoiua ala ni mtetemo. Kimiminika kikipita kwenye kitu cha mviringo, nyuma yake huacha visulisuli. Kwa kawaida vinachomoka kwa zamu, kimoja kulia, kimoja kushoto, na kila kimoja kinakivuta kitu upande wake. Hilo wabunifu walilijua. Walifuata mwongozo wa wahandisi mitambo wa Marekani wa mwaka 1974, na kwa mtetemo wa ubavuni ala ilikuwa salama. Ila ipo hali ya pili: visulisuli viwili vinachomoka pamoja, kulia na kushoto kwa mpigo mmoja, na kitu kinatikisika mbele na nyuma kufuata mkondo wenyewe. Hali hii huja mapema, mkondo ukiwa bado wa polepole. Mwongozo wa 1974 haukuizungumzia. Na pale ala ilipotoka unene kwenda wembamba, kona yake ilikuwa kali. Ufa ukaanzia hapo hapo kwenye kona.

Ndiyo maana nimekuja leo na maswali mawili tu, na nitayarudia mpaka mnichoke. Swali la kwanza: nini kinaitikisa? Swali la pili: yenyewe inapenda kutikisika mara ngapi kwa sekunde? Kabla hujakata bamba, kabla hujawasha mashine ya kuchomelea, kabla hujabonyeza kitufe cha kuchapisha mchoro. Nini kinaitikisa, na yenyewe inapenda mara ngapi?

Tulikulia barabara za masika, kwa hiyo hili mnalijua kwa mikono. Gari likikwama kwenye tope, hamlisukumi kwa nguvu moja mfululizo. Mnalisukuma kidogo, mnaliacha lirudi, na linapoanza kwenda mbele tena ndipo mnasukuma. Watu wanne waliokosea mpigo hawalitoi. Wanne hao hao wakiufuata mpigo wa gari lenyewe, linatoka. Kila kitu chenye uzito na chenye kunyumbuka, hata kama kunyumbuka kwake hakuonekani kwa macho, kina mpigo wake. Huo ndio tunaouita masafa asilia. Nguvu ndogo ikija kwa mpigo huo, mtikisiko unajumlishwa juu ya mtikisiko, na hali hiyo tunaiita resonansi.

Hesabu yake ya msingi ni fupi. Chukua ugumu wa kupinda, yaani inahitajika nguvu kiasi gani kukisogeza kitu kwa mita moja. Gawanya kwa uzito wake, au tungamo, kama mwalimu wa fizikia anatusikiliza. Tafuta kipeuo cha pili. Gawanya kwa 6.28. Jibu ni mara ngapi kwa sekunde, yaani hezi. Angalieni hicho kipeuo cha pili, maana ndicho kinachowachosha watu: ukitaka kuongeza masafa mara mbili, ugumu lazima uuongeze mara nne.

Naona fundi mmoja pale anatikisa kichwa. Twende kwenye chuma basi.

Chukua jenereta ya dizeli, silinda sita, mizunguko 1500 kwa dakika, kama zile zilizosimama nyuma ya hoteli na hospitali zetu. Mizunguko 1500 kwa dakika ni 25 kwa sekunde. Injini ya silinda sita ya mipigo minne inawaka mara tatu kila mzunguko. Kwa hiyo inapiga mara 75 kwa sekunde. Hilo ndilo jibu la swali la kwanza, na hatujahitaji kompyuta.

Sasa unataka kufunga breketi ubavuni mwa injini ibebe kifaa cha kilo 2. Unachukua bamba la chuma la kawaida, upana milimita 40, unene 6, linajitokeza milimita 100, umelichomelea upande mmoja. Piga hesabu ya mzigo uliotulia: mkazo kwenye shina la breketi ni kama megapaskali 8, yaani newtoni 8 kwa kila milimita ya mraba. Chuma hicho hakianzi kujikunja mpaka kama 250. Uko salama mara 30! Nani hapa asingesaini mchoro huo? Nyoosheni mikono. Hakuna.

Haya, swali la pili. Ugumu wa bamba hilo ni kama newtoni 432 kwa kila milimita. Kilo 2 mwishoni, na sehemu ndogo ya uzito wa bamba lenyewe. Jibu: hezi 73. Injini inapiga 75.

Mnaona tulipofika? Chuma kilichochomelewa vizuri hakina kitu cha kuuzima mtetemo. Ufifishaji wake unaweza kuwa asilimia 1 tu, na kwa kiwango hicho, kwenye resonansi, mtikisiko unakuzwa mara 50. Tuseme ubavu wa injini unatikisika kwa nusu ya mvuto wa dunia. Kwa hezi 75 hiyo ni kusogea kwa milimita 0.02 tu, chini ya unene wa unywele. Kule mwishoni mwa breketi inakuwa mara 25 ya mvuto wa dunia. Megapaskali 8 zinakuwa 200, zikienda na kurudi, na kiungo cha kuchomelea hakivumilii hata nusu ya hapo kwa mamilioni ya mizunguko. Na mamilioni yanakuja upesi: kwa hezi 75, milioni ya kwanza inatimia kabla ya saa nne kuisha. Umeme ukikatika asubuhi, mchana breketi imeshaanza ufa.

Halafu fundi anaitwa. Anaiona breketi imekatika. Anasema nini? "Chuma kilikuwa chepesi." Anaongeza chuma. Mara nyingine anapatia kwa bahati, kwa sababu masafa yamesogea. Mara nyingine anaongeza chuma mahali pasipohusika, masafa yanabaki palepale, na wiki ijayo anaitwa tena. Ndugu zangu, kwenye mtetemo kuongeza chuma si jibu mpaka ujue chuma hicho kinakwenda kuongeza ugumu au kinakwenda kuongeza uzito.

Breketi yetu ile, badala ya kuinenepesha, ikate. Milimita 100 ziwe 80. Ugumu wa bamba lililoshikwa upande mmoja unafuata urefu kwa kipeo cha tatu, kwa hiyo kupunguza sehemu moja ya tano tu kunakaribia kuuongeza mara mbili. Masafa yanaruka kutoka 73 hadi 102. Injini inaendelea kupiga 75, na ukuzaji uliokuwa mara 50 sasa ni kama mara 2. Umetumia chuma kidogo zaidi kuliko mwanzo. Hakikisha tu kwamba 102 hiyo haiangukii kwenye mpigo mwingine wa injini. 150, yaani mara mbili ya 75, nayo ipo, ila iko mbali. Na hii ni jenereta, mwendo wake haubadiliki. Injini ya basi, inayopanda na kushuka kutoka mizunguko 600 hadi 2500, ni mtihani mgumu zaidi. Kioo cha pembeni cha basi kinachotetemeka gari likisimama kituoni na kutulia likianza kwenda, mmekiona? Kimeshakujibu maswali yote mawili bila kupimwa.

Hapa kuna mitego miwili, na nimeona watu wenye vyeti vizuri wakiingia.

Mtego wa kwanza ni bomba. Jenereta moja niliyoitwa kuitazama ilikuwa inakata bomba dogo la mafuta kila mara mahali palepale, kwenye kiungo. Mafundi walikuwa wameshaweka bomba lenye kuta nene zaidi, kipenyo cha nje kile kile. Likakatika vilevile. Kwa nini? Kwa sababu ukiongeza unene kwa ndani, unaongeza uzito kwa kasi kuliko unavyoongeza ugumu, na masafa ya bomba tupu hayapandi, yanashuka kidogo! Dawa ilikuwa klampu moja katikati, yenye mpira. Bei yake haikufika hata bei ya soda za mafundi waliokuwa wanalibadilisha.

Mtego wa pili ni kubadili metali. "Tuweke alumini, ni nyepesi." Alumini ni nyepesi karibu mara tatu kuliko chuma, sawa. Lakini ugumu wake nao ni mdogo karibu mara tatu. Ubao mtupu wa chuma na ubao mtupu wa alumini wenye umbo moja vina masafa yanayokaribia kuwa sawa. Na ukiweka kifaa kizito mwishoni, ile ya alumini inashuka hadi kama asilimia 60 ya ile ya chuma, kwa sababu ugumu umepungua na mzigo umebaki ule ule. Alumini ina kazi zake nyingi nzuri. Hii siyo mojawapo.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba masafa asilia ni namba unayoipiga muhuri siku ya kubuni na inabaki hivyo. Haibaki.

Tarehe 29 Septemba 1959 ndege aina ya Lockheed Electra, injini nne za panga boi, ilisambaratika angani karibu na Buffalo, jimbo la Texas. Watu 34 walikufa. Tarehe 17 Machi 1960 nyingine ikapoteza bawa angani Indiana. Watu 63. Ndege mpya, kampuni yenye sifa, marubani wazoefu. Wachunguzi walihangaika, na walichokipata kinapaswa kumnyima usingizi kila mbunifu. Injini na panga boi lake, zikiwa zimeshikwa imara, ziliweza kuyumba kidogo kwa mzunguko na kutulia zenyewe. Lakini vishikizo vya injini vikilegea, labda baada ya kutua kwa kishindo, ugumu unapungua, na mnajua sasa: ugumu ukipungua, masafa yanashuka. Kuyumba kule kulikuwa kama mara 5 kwa sekunde. Kukashuka kuelekea 3. Na 3 ndiyo namba ambayo bawa lenyewe lilikuwa linaipenda. Injini ikaanza kulitikisa bawa kwa mpigo wa bawa, na nguvu ya kufanya hivyo ikachukuliwa kwenye upepo wa mwendo wa ndege, ambao hauishi. Lockheed walizipunguzia mwendo ndege zote kwanza, kisha wakaimarisha vishikizo na mabawa, na ndege hiyo ikafanya kazi miaka mingi. Ndege ya doria ya P-3 Orion ilitokana nayo.

Kwa hiyo ukibuni, usiulize tu "masafa yangu ni ngapi bolti zikiwa zimekazwa." Uliza: bolti mbili zikilegea, yatashukia wapi? Na huko chini kuna nani anayesubiri? Mashine za kusaga unga mitaani kwetu huanza hivyo. Bolti ya msingi inalegea kidogo, mashine inatetemeka zaidi, ikitetemeka zaidi bolti inalegea zaidi. Mwenye mashine anasema imezeeka.

Kuna wanaoniuliza: mbona kuna mitambo inayokwenda mbele kabisa ya masafa yake asilia? Ni kweli, na ni historia tamu. Mwaka 1869 mwanasayansi mkubwa Rankine aliandika kwamba shafti haiwezi kuzungushwa salama kupita mwendo wake wa hatari, yaani mwendo unaolingana na masafa yake asilia. Watu wakamwamini. Miaka ya 1880 Gustaf de Laval wa Sweden akatengeneza turbini ya mvuke yenye shafti nyembamba ya kunyumbuka, akaupita mwendo ule wa hatari, na kule juu shafti ikatulia yenyewe. Turbini zake zilizunguka mara 30,000 kwa dakika. Maelezo ya kihesabu yaliyokubalika yalikuja na mhandisi Jeffcott mwaka 1919. Kanuni ni kwamba unaweza kuishi juu ya masafa asilia, ila unapopita hapo usikae. Mwaka 1924 Wilfred Campbell wa General Electric akatupa mchoro wa kuonyesha mistari ya mwendo inakutana wapi na masafa ya kila kipande. Hadi leo unaitwa mchoro wa Campbell. Wanafunzi, kauchoreni kwa mkono angalau mara moja, kabla programu haijawachorea.

Nimesema usikae. Bwawa la Sayano-Shushenskaya, Siberia, tarehe 17 Agosti 2009. Mtambo namba 2, turbini aina ya Francis, yaani gurudumu linalozungushwa na maji ili kuzalisha umeme. Kila turbini ya Francis ina eneo la mzigo wa umeme ambalo haipendi: maji yakitoka chini ya gurudumu yanajisokota kwa mzunguko wa polepole, kama robo hivi ya mwendo wa gurudumu, na kuupiga mtambo mzima. Namba 2 ilikuwa inatumika kupandisha na kushusha mzigo, ikilivuka eneo hilo tena na tena, na mtetemo wake ulikuwa umeshapita kiwango kilichoruhusiwa. Stadi, yaani bolti zisizo na kichwa, zilizoshika mfuniko wa turbini zilikuwa na nyufa za uchovu wa metali. Siku hiyo zikaachia. Maji yakaurusha mtambo juu. Watu 75 wakafa.

Nalisema hili hapa kwa sababu vijana wengine mtakwenda kufanya kazi Rufiji, kwenye Bwawa la Mwalimu Nyerere. Pale kuna turbini tisa za Francis, kila moja megawati 235. Mtakabidhiwa jedwali la maeneo ya kuendeshea na maeneo ya kuvuka haraka. Mtu akiwapigia simu usiku akaomba mzigo unaoangukia katikati ya eneo baya, mjue nini cha kumjibu, na mjue kwa nini.

Nimalizie kwa jambo la mikono, maana mafundi wamevumilia hesabu zangu vya kutosha.

Kompyuta itakupa masafa asilia kwa dakika chache. Hata FreeCAD, ambayo ni ya bure, inafanya uchambuzi huo. Lakini kompyuta inaamini ulichoiambia. Ukiiambia "hapa pameshikwa imara kabisa", itaamini, wakati kwenye dunia ya kweli hapo pana bolti mbili, rangi katikati, na bamba la chini linalopinda. Ndiyo maana jibu la kompyuta mara nyingi huwa juu kuliko la kweli. Lithibitishe kwa kugonga. Kifunge kipande mahali pake halisi, kigonge kwa nyundo ya mpira, sikiliza kinavyolia. Simu yako ina kipimo cha mtikisiko, na programu za kukisoma ni za bure. Tahadhari mbili. Simu nyingi husoma mtikisiko mara 100 hadi 400 kwa sekunde, kwa hiyo amini nusu ya hapo tu. Na simu yenyewe ina gramu kama 200: ukiigandisha kwenye breketi ndogo umeongeza uzito, umeshusha yale masafa unayotaka kuyapima. Kwa vipande vidogo tumia maikrofoni. Sauti haina uzito.

Hapa mezani nimeleta breketi tatu, zimefungwa kwenye reli. Moja ni ile ya milimita 100, ya pili ya 80, ya tatu ni ya alumini, na zote zina kilo 2 mwishoni. Nyundo hizi hapa. Zimeni muziki kwenye simu, na mafundi watangulie. Mzee wangu pale mbele, karibu, gonga hii ya kwanza.